Mgeni wa Ukame Katika Mji wa Mvua

Wakati wa alasiri, mawingu yanapojikusanya juu ya Alunguli na kuanza kuvuka mto Lualaba kuja upande wetu, watu wa mtaa wa Kasuku hapa Kindu huingia katika shughuli zao zinazojulikana: mwenye nguo kambani huzianua, mwenye mpunga juani huuzoa, mwenye pipa huliburura mpaka chini ya mchirizi wa bati, na mimi, ambaye kwa mwaka wa sita sasa nina mgeni azizi barazani pangu, hupanda juu ya kigoda, nikalitungua kopo moja lililotundikwa kwenye boriti, nikaliingiza ndani kwa mikono miwili kama mtu abebaye bakuli lililojaa. Majirani wamekwisha kuzoea. Hapo mwanzo waliuliza, tena kwa haki, ni mmea wa namna gani huu unaokimbizwa mvua, katika mji ambao kila chenye mizizi huinua uso kuilaki. Nami sikuwa na jawabu fupi, maana jawabu lake ni habari itokayo mbali, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mmea wenyewe si mkubwa, wala haumtishi mtu kwa kimo wala kwa miiba. Shina lake ni uzi hasa, mwembamba kama uzi wa kushonea magunia, wa rangi ya zambarau iliyofifia. Na nyuzi hizo, ambazo kwangu hivi leo ni kumi na saba, huteremka kutoka kinywani mwa kopo zikaning'inia hewani, ule mrefu kupita zote ukiwa umefika usawa wa goti langu. Kila baada ya upana wa vidole viwili au vitatu majani mawili yameketi yakitazamana, kila moja lina umbo la moyo kama uchorwao na watoto, na ukubwa wake hauzidi kucha ya kidole gumba. Katikati jani lina kijani kilichokoza, kilichopitishwa michirizi ya fedha; ukingoni limedariziwa weupe wa maziwa; na pale jua la asubuhi linapolifikia, ule weupe huingiwa na wekundu wa waridi, kama rangi ya ndani ya kombe la baharini. Ukiligeuza, mgongo wake ni zambarau. Ukilibana kati ya vidole utahisi unono, kama unayebana ndewe ya sikio, na unono huo ni maji yaliyowekwa akiba. Fauka ya hayo, penye vifundo vya uzi, hapa na pale, hutokea kivimbe cha mviringo cha rangi ya majivu, kidogo mwanzoni kama punje ya mtama, na baadaye kikubwa kama njugu mawe: hicho ni kiazi kinachoota hewani, ghala ya maji na chakula, nacho ndicho kilichouokoa mmea huu mikononi mwangu, kama nitakavyoeleza. Watoto wa mtaa wetu hukiita ushanga, na mmea mzima huuita mioyo.

Wanachuoni huuita Ceropegia woodii. Neno la kwanza lilitungwa na Linnaeus, bingwa wa Sweden wa karne ya 18, kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya nta na chemchemi, kwa kuwa maua ya jamaa za mmea huu yalimtokea machoni kama chemchemi ya nta. Neno la pili ni ukumbusho wa John Medley Wood, Mwingereza aliyehamia Natal, kusini mwa Afrika, akawa mwangalizi wa bustani ya mimea ya Durban; yeye aliuona mwaka 1881 ukining'inia katika miamba ya Groenberg, na mwaka 1894 akaupeleka katika bustani kuu ya Kew, karibu na London, na kutoka huko ukaenea madirishani mwa dunia nzima. Mtu huyu alikuwa na jicho la pekee, au bahati ya pekee, au vyote viwili, maana mwaka 1895, katika msitu wa Ngoye nchini kwa Wazulu, alikuta mti wa kale wenye umbo la mnazi mfupi, wa kiume, ambao mpaka leo mwenziwe wa kike hajaonekana popote. Na kila mti wa aina hiyo ulio hai katika mabustani ya ulimwengu ni chipukizi lililokatwa katika mwili ule ule mmoja. Nautaja mti huo kwa sababu mmea wangu wa ukingo mweupe nao uko katika hali inayofanana na hiyo. Ule wa kijani kitupu, ulioonwa na Wood miambani, huzaa kwa mbegu. Lakini huu wenye mabaka, ulio wa fahari zaidi, weupe wake hautegemewi kupita katika mbegu. Huendelea kwa kukatwa na kupandwa, kukatwa na kupandwa, mkono kwa mkono, mwili mmoja uliogawanyika katika maelfu ya makopo.

Kopo langu lilikuja kwa garimoshi. Shemeji yangu wa Lubumbashi, aliyejua kwamba tangu kustaafu kazi ya ualimu sina raghba nyingine iliyo kubwa kuliko miche, alikata nyuzi tatu katika mmea wake, akazizungushia gazeti kavu, akazilaza ndani ya kopo la maziwa ya unga na kumkabidhi msafiri. Ajuaye reli itokayo Katanga, ipitayo Kabalo na Kongolo na Kibombo mpaka ikaishia hapa Kindu ukingoni mwa mto, anajua kwamba safari hiyo haihesabiwi kwa saa. Nilipolifungua kopo, gazeti lilikuwa limegeuka unga pembeni, majani ya chini yamekunjamana kama ngozi ya zabibu kavu, na uzi mmoja umekatika vipande viwili. Mche wa mgomba ungekuwa umekwisha kuoza, wa mchicha ungekuwa majani makavu. Huu ulikuwa umelala tu. Ule ushanga wa kijivu kwenye vifundo ulikuwa mgumu kama siku uliyokatwa, na baada ya siku kumi juu ya mchanga wenye unyevu kidogo, majani yalianza kujaa tena, kuanzia karibu na ushanga kwenda nje, jozi baada ya jozi.

Sikuona ajabu kumkaribisha mgeni wa namna hii hapa Maniema, kwa kuwa nchi yetu ina desturi ya kale ya kupokea mimea ya watu. Mpunga tunaojivunia uliletwa na waungwana waliotoka pwani ya Zanzibar na kufanya maskani Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Miembe nayo iliandamana na misafara yao. Muhogo na mahindi, ambavyo hapana babu anayekumbuka nchi bila ya vitu hivyo, asili yake ni ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Lakini wageni wote hao walikuja na kiu. Waliipata nchi ambayo kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua, wakashukuru na kustawi. Mgeni wangu ni wa kwanza kuja na haja iliyo kinyume.

Kinyume hicho nilikijua kwa uchungu katika mwaka wa pili, nilipokwenda Kasongo kwa matanga ya mtu wetu, nikakaa huko mpaka arobaini ikatimia. Mmea niliuacha kwa binti ya dada yangu, ambaye analelewa nyumbani kwangu, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa. Nilimwambia autunze. Sikumwambia namna ya kuutunza, na kosa ni hilo, wala halikuwa la mwingine. Niliporudi nilimkuta amesimama barazani ananisubiri, uso wake unaonyesha habari kabla ya kinywa. Nyuzi zilikuwa zimelegea, majani mengi yamepoteza rangi na kuwa maangavu kama vipande vya sabuni iliyolowa, na pale nyuzi zinapotoka udongoni zilikuwa nyeusi. Nilipogusa mmoja, ulibaki mkononi mwangu bila ya kuvutwa, na harufu ya tope lililooza ikapanda.

“Mjomba,” alisema, “kila siku niliunywesha. Asubuhi kikombe kimoja na jioni kikombe kimoja. Kadiri nilivyoona majani yanalegea nikajua una kiu, nikaongeza.”

“Umefanya kazi, mama,” nilimwambia. “Lete wembe na gazeti, tuone kilichobaki.”

Tuliumwaga udongo juu ya gazeti. Mizizi iliyokuwa myeupe ilikuwa uji wa kahawia. Tukazipitia nyuzi moja moja, yeye ameshika taa na mimi wembe, tukikata juu ya kila palipo peusi mpaka tufikie palipo pazima, na mara nyingi hapakuwapo. Mwisho wa yote tulikuwa na vipande vitano vyenye majani mazima, na punje nne za ushanga ambazo kucha haikuweza kuzibonyeza. Punje hizo tulizilaza juu ya mchanga uliooshwa, katika kifuniko cha kopo, nusu zimezama na nusu ziko nje, tukaziweka mahali penye mwanga usio na jua kali, na maji yake yalikuwa ni unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa tu. Mwezi mzima hapakutokea kitu. Mtoto alizitazama kila atokapo shule, wala hakuthubutu kuzigusa. Kisha asubuhi moja aliniamsha kabla ya wakati: katika punje mbili kilikuwa kimetokea kidole cha zambarau, chembamba kama sindano, na nchani mwake majani mawili madogo kuliko punje ya ufuta, yakiwa tayari na ukingo mweupe. Mmea wote ninaousifu hapa umetokana na vipande vile na punje zile. Ule alioniletea shemeji ulikufa kwa kupendwa.

Sababu ya kifo hicho ni nyepesi kuelezwa, ingawa ni nzito kutiiwa. Mizizi hupumua. Udongo mzuri una nafasi ndogo ndogo zenye hewa, na maji yakizijaza na kukaa, mizizi hukosa pumzi, hufa, na kilichokufa huliwa na kuvu. Jani, likiwa halipati tena maji kwa kuwa mizizi imekufa, hulegea; na mwenye huruma, anapoliona limelegea, huongeza maji. Kwa hiyo mmea unaokufa kwa maji na mmea unaokufa kwa kiu huonyesha dalili moja, na asiyeingiza kidole udongoni hawezi kuipambanua. Mtoto wangu hakukosa akili. Alisoma dalili sawasawa na kuifasiri kama inavyofasiriwa na kila mtu wa mji huu.

Tangu hapo udongo wangu nauchanganya mwenyewe. Udongo mwekundu wa Kasuku, mwema kwa tofali, ni adui wa mmea huu, maana hushika maji kama sifongo na ukikauka hupasuka. Nachukua mchanga wa Lualaba makopo mawili, ule wenye chembe kubwa uokotwao pembezoni mwa mto maji yanapopungua; nautia udongo mweusi wa majani yaliyooza chini ya mwembe, kopo moja; na kopo la nne, ambalo watu hulidharau, ni vipande vya makaa, au makala kama tusemavyo hapa, vilivyopondwa kwa kadiri ya maharage, ili vitengeneze njia za hewa. Msomaji wa Mombasa au Unguja anayetaka kujaribu asichukue mchanga wa ufukweni bila ya kuuosha kwa maji baridi mara nyingi, kwa kuwa chumvi iliyomo itaunguza mizizi. Chombo kiwe kidogo, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi ni hodhi la maji tu, na chini kiwe na matundu: kopo langu lina matundu tisa, nimeyatoboa kwa msumari wa bati. Chungu cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko kopo, kwani hupumua kwa ubavu wote, lakini ni kizito kukitungua kila wingu linapotokea, nami si kijana.

Katika kunywesha, saa na kalenda sivifuati. Mizani yangu ni vidole. Nashika jani lililo karibu na kinywa cha kopo, la zamani, nikajaribu kulikunja taratibu: likiwa gumu na kukataa, naliacha hata zikipita wiki tatu, likikunjika kwa ulaini kama karatasi, hapo ndipo nalichovya kopo katika beseni mpaka mapovu yaishe kutoka, nikalitundika nje ya kivuli cha bati mpaka lichuruzike tone la mwisho. Kati ya kunywa na kunywa, udongo ukauke mpaka chini. Maji yenyewe ni ya mvua, yaliyokaa pipani. Kwa hiyo mvua ninayoukimbizia mmea huu ndiyo hiyo hiyo unayoinywa, ila huipata kwa kipimo na kwa siku yake. Waama mmea huu una kumbukumbu ya nchi yake, na nchi yake, kwa rehema, ina majira yanayolingana kidogo na yetu: Natal iko kusini mwa ikweta kama sisi, nako mvua hukatika katika miezi ambayo kwetu ni kiangazi, Juni mpaka Agosti. Katika miezi hiyo nyuzi hupunguza mwendo, nami hupunguza maji. Septemba mvua zikirudi, ncha zake huanza kurefuka upya, na ndipo naongeza kidogo.

Nikifika katika habari ya ule weupe, naomba msomaji awe na subira, kwa sababu uzuri wote wa mmea huu na taabu yake yote vimo humo. Jani ni la kijani kwa sababu lina chembe zinazoitwa klorofili, ambazo kwa mwanga wa jua hupika chakula cha mmea kutokana na hewa na maji. Sehemu nyeupe haina chembe hizo. Haipiki chochote. Hukaa ukingoni, imepambwa, hulishwa na kijani kilicho katikati. Na aghalabu mimea ya namna hii ina aina mbili za chembe hai zinazoishi katika mwili mmoja tabaka juu ya tabaka, moja ifanyayo kazi na moja isiyoweza. Kwa hiyo mmea wa mabaka hukua polepole kuliko ndugu yake wa kijani kitupu, kwa kuwa una shamba dogo na walaji wengi, na huhitaji mwanga mwingi zaidi ili kile kijani kidogo kitoshe. Ukiuweka kizani kwa kuuonea huruma, majani hutawanyika mbali mbali kwenye uzi, huwa madogo, na weupe hupoteza waridi, maana wekundu ule nao ni rangi inayoletwa na jua. Ukiuanika katika jua la adhuhuri, ule weupe, usio na kinga, huungua kwanza na kuwa na madoa ya kahawia yasiyofutika.

Kindu iko digrii tatu kasoro kidogo kusini mwa ikweta, na jua letu si jua la mabingwa waandikao vitabu vya maua huko Ulaya, wanaosema mmea uwekwe penye dirisha la kusini. Kwetu jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na tena karibu na mwanzo wa Oktoba. Tangu Aprili mpaka Septemba huegemea kaskazini, na miezi mingine huegemea kusini. Baraza langu linatazama mashariki, nalo lina boriti mbili zinazochomoza, moja pembe ya kaskazini na moja pembe ya kusini. Jua likienda kaskazini, kopo nalihamishia kusini, likirudi, narudisha. Kila siku mmea hupata jua la asubuhi mpaka saa tatu, saa nne hivi, jua ambalo bado lina upole wa umande, na baada ya hapo hupata mwanga bila ya moto. Tangu nianze taratibu hii sijaona tena doa la kuungua, na ukingo wa majani umekuwa wa waridi kwa kiasi ambacho wapita njia hudhani ni maua.

Mtu asidhani kwamba mabaka katika majani ni mapambo ya nchi za mbali tu. Mmoja wa mimea mashuhuri ya mabaka duniani, ule wa majani yaliyosimama wima kama upanga, yenye ukingo wa manjano, ambao msomaji atauona katika maofisi na mahoteli kuanzia Nairobi mpaka Maskati, asili yake ni bonde hili la mto wetu. Huitwa Laurentii, kwa jina la Émile Laurent, mtaalamu wa kilimo wa Ubelgiji aliyesafiri Kongo mara tatu na kufariki mwaka 1904 akiwa katika kurejea kwao. Nao una tabia inayothibitisha niliyoyasema juu ya weupe: ukikata kipande cha jani lake na kukipanda, mche utakaotoka utakuwa wa kijani bila ya ukingo wa manjano, ukitaka manjano, sharti uugawe kutoka shinani. Uzuri huo umo katika mpangilio wa tabaka, na jani peke yake haliwezi kuujenga upya.

Maadui wengine ni wachache. Mbuzi na kuku hawaufikii kwa kuwa unaning'inia. Wapo wadudu wadogo weupe, wamejipaka unga, hujificha pale jani linaposhikana na uzi, wakanyonya. Ukiwaona wawili, jua kwamba wapo ishirini. Nawaondoa kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, mmoja mmoja, na siku ya tatu narudia. Siwachukulii kwa wepesi, maana ni jamaa wa yule mdudu mweupe aliyeangamiza mihogo ya Afrika baada ya kuonekana katika nchi zetu mbili za Kongo mwaka 1973, ambaye hakushindwa kwa sumu bali kwa nyigu mdogo sana aliyeletwa kutoka Paraguay, akaachiwa kwanza Nigeria mwaka 1981, katika kazi iliyoongozwa na Mswisi Hans Herren. Wazee wa hapa wanaikumbuka njaa ya mihogo ile. Nikiwaona wale weupe katika ushanga wa mmea wangu, mkono wangu huwa mkali.

Na maua yake nisiyasahau, ijapokuwa wengi huyapita bila ya kuyaona. Hutoka katika miezi ya mvua, urefu wake ni kama kiungo kimoja cha kidole, yana tumbo lililovimba chini, shingo nyembamba ya waridi iliyopauka, na juu vidole vitano vya zambarau nyeusi vilivyokutana nchani kama vizimba vya kuvulia samaki. Inzi wadogo mno, wasioonekana vyema kwa jicho la uzee, huingia kwa kufuata harufu. Ndani kuna malaika zilizoelekea chini, zinazowaruhusu kushuka na kuwakataza kupanda. Hukaa kifungoni mpaka malaika zile zinyauke, kisha hutoka wakiwa wamebeba chavua kwenda ua jingine. Nilimwita mpwa wangu alione ua moja tulilolipasua kwa wembe, na inzi mmoja akatoka, akatembea juu ya ukucha wake, akaruka.

Kuzidisha mmea huu ni kazi ya furaha. Kata uzi, uulaze wote juu ya mchanga kama nyoka, vifundo vikigusa chini, uushikize kwa vijiti vilivyokunjwa; kila kifundo chenye bahati kitatoa mizizi. Au kata jozi moja ya majani na kipande cha uzi, uzike kifundo. Chagua uzi ulio na rangi zote mbili kwa uwiano, usitamani ule mweupe mtupu, hata uwe mzuri namna gani, kwa sababu ukitengwa na mama yake utaishi kwa akiba ya jani lake mpaka iishe, kisha ufe. Mimi nimekwisha kugawa makopo ishirini na mawili. Mengine yako mtaa wa Mikelenge, matatu yamevuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, na moja limerudi Lubumbashi kwa shemeji, ambaye wake ulikauka.

Yako mambo ambayo mtunzaji hupaswa kuyafanya kwa moyo mgumu. Mwaka jana, katika nyuzi zile, mmoja ulianza kutoa majani ya kijani kitupu, bila ya ukingo, makubwa, manono, yenye afya. Ulikuwa umerejea katika asili ya miamba ya Groenberg. Uzi wa namna hiyo sharti ukatwe, kwani wenyewe una nguvu kuliko wenzake, nao ukiachwa utawapita wote na kuwanyima, mpaka kopo zima liwe la kijani. Niliushika, nikachukua wembe, nikaukata pale ulipoanza kubadilika, nikawa naelekea jaani.

“Mjomba,” alisema mpwa wangu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, “huo nao una mioyo. Nipe mimi.”

Nikampa. Aliupanda katika kopo la nyanya, kwa mchanganyiko ule ule wa mchanga na makala, akalitundika dirishani kwake penye kivuli ambacho mmea wangu usingekiweza. Katika miezi mitano uzi ule mmoja ulikuwa nyuzi sita, zenye majani mapana kuliko yangu. Juma lililopita alinijia na kopo lake mkononi, akauliza kama aweza kulitundika barazani, karibu na lile kubwa, wapita njia waone vyote viwili. Nimempigilia msumari katika boriti ya kusini. Jana alasiri, mawingu yalipovuka mto, vigoda vilikuwa viwili.